Siku ya Tatu Mpe Jembe

Yako maneno ambayo watu huyasema kwa nia njema, na kwa ajili ya wema wa nia hiyo yakaishi muda mrefu bila ya kupingwa. Moja katika hayo ni kwamba kilema ni mtu wa kutunzwa. Sina ugomvi na nia ya wasemao hivyo. Ugomvi wangu ni juu ya neno lenyewe, kwani naamini limewapotezea watu haki zao kuliko matusi yote waliyopata kutukanwa. Tusi hujulikana kuwa ni tusi, na mtukanwa aweza kulijibu. Huruma hupokewa kwa shukrani, na mtu aliye katika kushukuru hana nafasi ya kudai.

Lililonichochea kushika kalamu ni mazungumzo niliyoyasikia siku moja katika basi dogo, nikitoka Musoma kwenda Bunda. Abiria mmoja wa makamo alikuwa akimweleza jirani yake kwamba amesikia habari za mashamba ya maua yanayoajiri watu wenye ulemavu, naye akaona kuwa shamba la namna hiyo lingefaa kuanzishwa kwetu Mara, kando ya ziwa, ambako maji hayaadimiki. Jirani yake akacheka. "Mzee mwenzangu," akasema, "maua yataka macho, yataka miguu, yataka mikono miwili. Hao wape chakula na nguo, Mungu atakulipa. Mkasi waachie wenye viungo." Baadhi ya abiria wakacheka pamoja naye.

Kiti cha nyuma yao alikaa mama mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, akitembea kwa fimbo. Miguuni pake palikuwa na makapu mawili matupu. Akasema kwa upole, "Baba, mimi sijalima maua. Nalima mchicha na nyanya, na leo nimeuza zote. Je, mchicha hautaki miguu?" Yule bwana alifadhaika kidogo, kisha akajibu, "Ah, Mama, wewe ni mtu wa pekee." Mama hakusema neno jingine. Basi lilipofika Kiabakari alishuka na makapu yake.

Nimelifikiri jibu la yule bwana mara nyingi. Alionyeshwa kwa macho yake mwenyewe kwamba kauli yake si kweli, naye akaiokoa kwa kumtoa yule mama katika hesabu. Hivyo ndivyo tufanyavyo siku zote. Kila kilema afanyapo kazi twasema huyo ni wa pekee. Na kwa kuwa kila mmoja wao amekuwa wa pekee, kanuni yetu kwamba vilema hawawezi hubaki salama, haina wa kuivunja. Kanuni isiyoweza kuvunjwa na ushahidi wowote haikujengwa juu ya ushahidi.

Basi naomba wasomaji wavumilie nikianza kwa kumgusa mtu ambaye katika mkoa huu ni vigumu kumgusa. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, 1934, na tangu 1999 amelala Butiama. Katika Azimio la Arusha la 1967, ambalo sisi sote tumelisoma, pana mahali panapotajwa watu walio na haki ya kuishi kwa kazi ya wenzao. Nao ni wa namna nne: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao kwa wakati fulani Dola imeshindwa kuwapatia kazi.

Tupasome mahali hapo kama tusomavyo maandiko mengine, neno kwa neno. Utoto ni kipindi, hupita. Uzee umewekewa sharti: si kila mzee, bali yule asiyejiweza. Kukosa kazi nako ni jambo la wakati. Siku kazi ipatikanapo, haki ya kutegemea hukoma. Ni namna ya tatu peke yake iliyoandikwa bila ya sharti na bila ya muda. Haikuandikwa vilema wasiojiweza. Yameandikwa tu kwamba ni vilema. Mtu akiisha kuwa kilema basi. Hesabu yake imefungwa, amewekwa pamoja na mtoto ambaye hajakua na mzee aliyechoka, naye huenda ana umri wa miaka 25 na mabega mapana kuliko ya aliyeandika.

Najua jibu nitakalopewa, nalo ni jibu la haki. Wakati ule mtu asiyefanya kazi aliitwa kupe na mnyonyaji, na maneno yale yalikuwa makali. Azimio lilitaka kumkinga kilema asiitwe kupe. Lilikuwa ngao. Nakubali, tena nashukuru. Lakini ngao ikibebwa miaka mingi bila ya kuwekwa chini huwa ukuta, na aliyekuwa akilindwa kwa ngao hujikuta amefungiwa nje kwa ukuta uleule. Tumelishika lile neno la haki ya kutunzwa, tukasahau kuuliza kama mwenye haki hiyo aliitaka.

Tena Mwalimu huyohuyo, katika kijitabu chake cha 1962 juu ya ujamaa, alitukumbusha methali ya wahenga wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hiyo kama karipio kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama heshima kwa mgeni. Siku mbili za kwanza yu mgeni, analishwa, anapewa kiti, anasifiwa, wala haulizwi neno lolote la nyumba ile. Siku ya tatu apewapo jembe amekuwa mtu wa nyumbani: ana sehemu yake ya shamba, ana sauti juu ya mavuno, na akila hainami. Jembe ni hati ya uenyeji. Kilema katika nchi yetu amekuwa mgeni nyumbani kwao tangu kuzaliwa. Siku yake ya tatu haifiki.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Kwa walio wengi, mahali pao katika lile Azimio hapakuwa namna ya tatu. Palikuwa namna ya nne. Wao ni watu ambao Dola, na jamii, na waajiri, wameshindwa kuwapatia kazi. Kuwaweka katika namna ya tatu ni kuihamisha lawama, kuitoa kwa mwenye kugawa kazi na kuitia katika mwili wa asiyepewa.

Watu wa Musoma wana sababu ya kuielewa tofauti hiyo. Wanakikumbuka kiwanda cha nguo cha MUTEX, na wanajua mitambo yake iliposimama mambo yalikuwaje. Watu waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda zamu walikaa vibarazani. Hakuna aliyesema kwamba watu hao wameota ulemavu usiku mmoja. Ilisemwa kwamba kazi hakuna. Kwa nini basi kijana kiziwi wa Bunda, asiye na kazi kwa sababu ileile, asemwe kuwa hana kazi kwa sababu ya masikio?

Ni mji huohuo wa Musoma uliotoa Azimio la 1974, lililotaka elimu ienee kwa wote na elimu iungane na kazi. Tangu hapo tumejitahidi, kwa kiasi fulani, kumpa mtoto mwenye ulemavu nusu ya kwanza ya Azimio hilo. Yako madarasa ya wasioona na ya viziwi katika nchi yetu, na Musoma penyewe pana kituo kinachofundisha vijana wenye ulemavu kazi za mikono. Nusu ya pili tumeiacha. Twamfundisha kijana miaka saba, kumi, kumi na miwili, kisha twamrudisha barazani kwa baba yake. Elimu isiyo na kazi mbele yake ni barabara nzuri inayoishia mtoni pasipo daraja.

Niruhusiwe maneno machache juu ya lugha, kwa kuwa jarida hili ni la lugha. Kiswahili kimewapanga watu hawa katika ngeli ya vitu: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete. Wako wanaosema kwamba hapo ndipo dharau ilipoanzia, na kwa sababu hiyo siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Jina la heshima ni jema nami nalitumia. Majina ya zamani nimeyataja hapa kwa kuwa ndiyo yaliyomo katika maandiko ninayoyajadili. Hata hivyo kijana na kiongozi nao wana kiambishi hichohicho, wala hawajapata kulalamika. Tena tazama kitenzi: hatusemi kiwete kimelima, twasema kiwete amelima. Sarufi iliwavika vazi la vitu lakini ikawapa kitendo cha watu. Msemaji ndiye aliyeshindwa kuwapa hata kitendo. Tukibadilisha majina na kuacha mengine yote kama yalivyo, tutakuwa na watu wenye jina zuri wasio na ajira.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe, maana yule bwana wa basini alisema maua yataka macho, miguu na mikono miwili. Je, ni kweli?

Mashamba makubwa ya maua ya nchi yetu yako pande za Arusha na Kilimanjaro, ambako kilimo hicho kilianza kushika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1980. Na ng'ambo ya mpaka yako Naivasha, Kenya. Waridi hulimwa ndani ya kitalu nyumba, yaani banda refu lililofunikwa kwa plastiki. Maji hufika kwenye shina kwa matone, kupitia mipira midogo. Mtu mmoja hupunguza vichipukizi, mwingine hukata maua asubuhi mapema kabla hayajafunguka, mwingine husukuma toroli, mwingine hutoa majani na miiba sehemu ya chini ya bua. Katika chumba cha kufungia, mabua hupangwa kwa urefu wake, ya sentimita 40 mbali, ya 50 mbali, ya 60 mbali. Hufungwa vichanga vyenye idadi moja. Hutiwa katika chumba cha baridi, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kisha hupakiwa katika makasha na kusafirishwa, mengi yao kwenda soko la Aalsmeer nchini Uholanzi.

Msomaji na aitazame orodha hiyo, aniambie ni mfanyakazi gani afanyaye kazi zote hizo. Hakuna. Shamba la maua, kuliko shamba la mihogo la babu zetu, limegawa kazi vipande vidogovidogo, na kila mtu hushika kipande chake kutwa. Mwenye macho na miguu na mikono miwili naye huajiriwa kwa kipande kimoja tu, pengine kwa vidole vyake tu, na viungo vyake vingine vyote hukaa bure mpaka jioni. Basi kwa nini mtu mwenye ulemavu adaiwe viungo vyote ndipo apewe kazi inayotaka kimoja?

Mtu asiyeona hataweza kutambua ukungu juu ya petali. Hilo nalikiri, wala sitamtetea mtu kwa uongo. Lakini kupima bua juu ya meza iliyochongwa alama kila sentimita 10, kuhesabu mabua 20 na kuyafunga, ni kazi ya vidole, na vidole vyake vimezoea kusoma. Kiziwi hataitika akiitwa kwa sauti; lakini hukata, hupanga na hukagua sawasawa na mwingine. Asiye na miguu hukaa mbele ya meza kama wakaavyo wenzake. Mtu mwenye ualbino, ambaye jua la saa saba katika mashamba ya pamba ya Bunda humuunguza ngozi na kumletea saratani, aweza kufanya kazi maisha yake yote katika chumba cha kufungia bila ya kuguswa na jua. Tena huyo ndiye mtu ambaye Kanda hii ya Ziwa, kuanzia 2007 na miaka iliyofuata, ilimwinda na kumuua kwa sababu ya viungo vyake. Nchi iliyowahi kuamini kwamba viungo vya mtu vina thamani akiisha kufa, yapaswa iwe ya kwanza kuamini kwamba vina thamani akiwa hai na ameshika mkasi.

Wasemao kuwa jambo hili ni ndoto waende Iringa. Huko, 2003, kazi za mikono za Neema Crafts zilianzishwa chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, zikianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi ilikua hata ikapita watu 100. Pana mgahawa ambamo wahudumu ni viziwi, na mgeni huandika atakacho au hujifunza ishara. Angalieni nani hapo aliyebadilika. Kiziwi hakuponywa. Mgahawa ulipangwa upya, na ulemavu ukapungua bila ya daktari.

Hoja ya pili ya wapinzani ni gharama. Husema: mwajiri si mtoa sadaka, akitakiwa ajenge njia pana, meza za vimo mbalimbali na vyoo vya namna yake, atafilisika. Jibu langu laweza kuonekana kama mzaha, lakini si mzaha. Waridi haliwezi kustahimili jua kali: hujengewa banda. Haliwezi kujitafutia maji: huletewa kwa mpira mpaka miguuni. Likikatwa haliwezi kustahimili joto: hujengewa chumba cha baridi, na gari la baridi, na ndege. Fedha zote hizo hutolewa bila ya manung'uniko, wala sijasikia mwenye shamba akiliita waridi kilema. Huliita mtaji. Lakini binadamu akihitaji njia ya zege yenye upana wa kiti cha magurudumu, ghafla kila mtu huwa mhasibu. Ikiwa mwajiri anajua kulipangia ua mahali pa kuishi ili limpe faida, hawezi kusema kwamba hajui kumpangia mtu mahali pa kufanya kazi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa anayechagua ni mwenye shamba, na anachochagua si jembe, ni mkono wa kulishika.

Hoja ya tatu haitoki kwa wapinzani, yatoka kwa marafiki, nayo ndiyo niiogopayo zaidi. Husema: tulieni, sheria ipo. Ni kweli ipo, tena si moja. Sheria ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi aajiri asilimia 2 kutoka kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Sheria ya 2010 ikamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi aajiri asilimia isiyopungua 3.

Tufanye hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu mmoja. Hata mwajiri mtiifu kuliko wote, mwenye watu 100, amemaliza wajibu wake akiajiri watatu. Ilhali Sensa ya 2022 iliwakuta watu wenye ulemavu wa namna mbalimbali kuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Wengi wao ni wazee, na haifai kulinganisha namba hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini hata ukipunguza kwa haki, 3 haiwi kipimo cha haja. Ni kipimo cha uvumilivu wa waajiri.

Nami nina sababu ya pili ya kutoiamini namba hiyo. Uingereza ilitunga sheria kama hii 1944, vita vikiendelea, kwa ajili ya majeruhi. Ilimhusu mwajiri wa watu 20 au zaidi, na kiwango kikaja kuwa asilimia 3. Sisemi kwamba tuliiga. Nasema namba zinafanana, 20 na 3, na yafaa tuwaulize waliotangulia zimewafikisha wapi. Waajiri wengi hawakuifuata, walioshtakiwa walikuwa wachache mno, na baada ya nusu karne kiwango hicho kilifutwa kwa sheria mpya ya 1995. Tena sheria ile ya 1944 iliruhusu kazi fulani zitengwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Zilizotengwa zilikuwa mbili: kuendesha lifti na kulinda magari yaliyoegeshwa. Taifa zima, lenye viwanda na vyuo vyake vyote, lilifikiri likaona kwamba kazi zinazowafaa ni kufungua mlango wa lifti na kutazama magari ya watu. Sisi nasi tuliwafunza wengi wasioona kazi ya kupokea simu maofisini. Mitambo ikabadilika, na kazi ikatoweka ikiwa nao ndani. Mtu aliyetengewa kazi moja amewekwa juu ya tawi moja, na mwenye shoka hamwulizi.

Kwa hiyo shamba la maua nalitetea, lakini sitaki liwe tawi jingine. Sitaki isemwe kesho kwamba vilema ni watu wa maua kama ilivyosemwa jana kwamba vipofu ni watu wa simu. Nalitetea kama mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi: pamba, samaki, mahakama, benki, darasa.

Vilevile nataka kumwonya yeyote atakayelianzisha shamba hilo, Musoma au Bunda au Butiama, juu ya majaribu mawili. La kwanza ni jaribu la picha. Atashawishika kuchapisha juu ya kasha sura ya msichana aliye katika kiti cha magurudumu, akitabasamu na waridi mkononi, ili mnunuzi wa mbali alipe zaidi kwa kuguswa moyo. Siku hiyo atakuwa ameacha kuuza maua na kuanza kuuza ulemavu. Na mfanyakazi wake, ambaye alidhani ameondoka barazani kwa ombaomba, atajikuta amerudishwa pale pale, ila baraza limekuwa kubwa zaidi. Waridi la shamba hilo liuzwe kwa urefu wa bua lake.

Jaribu la pili ni la sumu. Maua hayaliwi, na kwa hiyo wengi hawaoni haya kuyapigia dawa nyingi. Mtu akiingizwa bandani kabla dawa haijatulia, au akipiga bomba bila ya kinga ya pua na ngozi, aweza kupata madhara yasiyoondoka. Litakuwa jambo la aibu, shamba kusifiwa kwa kuajiri vilema mlangoni huku likitengeneza wengine bandani. Nchi yetu ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 na mfuko wake ulioanza kazi 2015. Lakini fidia humlipa mtu kwa kilichokwisha kuharibika. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Mwenye shamba asiufanye msemo huo kuwa ratiba ya kazi.

Nini basi tudai? Tudai mkataba ulioandikwa, uliosomwa kwa nukta nundu au kufasiriwa kwa ishara kwa asiyeweza kuusoma. Tudai mshahara uleule kwa kazi ileile, wala usiitwe posho wala msaada. Tudai haki ya kuingia chama cha wafanyakazi na kugoma. Tudai njia ya kupanda cheo, hata siku moja msimamizi wa chumba cha kufungia awe ni mtu mwenye ulemavu anayewaamuru wazima. Na nadai jambo moja zaidi ambalo najua litawashangaza marafiki wa huruma: nadai haki ya kufukuzwa. Mfanyakazi mwenye ulemavu akiwa mvivu au mwizi, afukuzwe kwa utaratibu uleule wa wengine. Asiyeweza kufukuzwa hakuajiriwa, amefugwa.

Halmashauri zetu zimetakiwa kisheria tangu 2018 kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ni jambo jema, lakini mkopo si badala ya ajira. Kumkopesha fedha mtu ambaye hakuna amwajiriye wala anunuaye kwake ni kumwongezea deni juu ya umaskini.

Na sisi wa vyuo vikuu, wasomaji wa kurasa hizi, tusijione tumekaa pembeni kama waamuzi. Butiama pana chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu mwenyewe. Ingelikuwa heshima gani kwa jina hilo kama kitalu nyumba cha kwanza nchini kilichopangwa tangu mchoro wake kwa ajili ya kila aina ya mwili kingejengwa huko, hatua chache kutoka kaburini kwake, ili kiikamilishe ile sentensi ya 1967 iliyoachwa bila ya sharti! Na kila chuo kingine kianze kwa kuhesabu. Hesabuni ngazi kutoka lango mpaka maktaba. Hesabuni wahadhiri wasioona. Hesabuni katika watumishi 100 wa chuo chenu wako wangapi wenye ulemavu, na kama hawafiki hata watatu, basi makala ya kuwasuta wakulima wa maua ingoje kwanza.

Namrudia yule mama wa Kiabakari. Alipoambiwa kuwa ni mtu wa pekee alinyamaza, nami nilidhani amenyamaza kwa kuridhika. Sasa nafikiri alinyamaza kwa kuwa amelisikia neno hilo mara nyingi mno. Hakuwa akitaka kusifiwa. Alikuwa ameulizia mchicha, na swali lake halikujibiwa. Makapu yake yalikuwa matupu, maana yake soko la Musoma lilikuwa limekwisha kumjibu asubuhi ile: lilinunua mboga zake, likalipa, wala halikuuliza mguu. Yeye hakungoja apewe jembe, alilichukua. Wako wengi ambao hawakupata hata pembe ya shamba la kulichukulia jembe hilo, na siku yao ya tatu imepita zamani.